Maji ya Kisima cha Athman

Tulimzika Mwalimu Ogolla siku ya Jumamosi, nyuma ya nyumba yake, mwendo mfupi kutoka misheni ya Asumbi, na tangu asubuhi hadi alasiri sikumsikia mtu yeyote akitaja kazi yetu ya Ogwedhi. Mengine yote yalitajwa. Mkuu wa idara alimokuwa akifundisha alisema marehemu ndiye aliyewafunza wanafunzi wa chuo kikuu kulima ndani ya nyumba, mboga zikiota kwenye maji bila punje ya udongo, zama ambazo wengine waliona ni kiinimacho. Mpwa wake alisema alikuwa na mikono yenye baraka. Nilikuwa nimeketi chini ya hema kando ya Barasa, mwanafunzi mwenzangu wa enzi zile, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Tumbo lilikuwa limemtangulia na kichwa kimekuwa cheupe, ila goti lake bado lilitikisika kama zamani kila alipokuwa na neno lililomkwama. Hatimaye aliniinamia. “Mwende, yaani Ogwedhi haikuwepo?” Nikamwambia watu hawa hawajui. “Wewe unajua,” akasema. “Na mimi najua. Watu wa chuo tuliojua tulikuwa watatu. Sasa tumebaki wawili.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu kuandika habari za mwaka ule mmoja kama ulivyokuwa, bila kujipendelea.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa tatu wa shahada ya kilimo, katikati ya miaka ya tisini. Mwalimu Ogolla alituchagua wanafunzi sita akatuambia tutakaa mwaka mzima nje ya darasa, na kwamba alama zetu hazitatoka kwenye karatasi bali kwenye mabeseni. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kuvaa koti la kahawia hata wakati wa joto la ziwani, na alichukia mtu anayejibu swali kabla ya kugusa kitu. “Kitabu kitakwambia mmea unakula nini,” alikuwa akisema. “Mkono ndio utakwambia kama umeshiba.” Chumba chetu cha kwanza kilikuwa Homa Bay, stoo iliyoachwa na wachuuzi wa samaki, ambayo harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, haikutoka kwenye kuta zake hata tulipozipaka chokaa mara mbili. Tuling'oa mabati kadhaa ya paa tukaweka ya plastiki yanayopitisha mwanga. Tukagongomea masanduku marefu ya mbao, tukayatandika polithini nyeusi, tukayajaza maji ya ziwa yaliyochujwa kwa mchanga na kitambaa. Miche tuliishika kwa vipande vya sponji vilivyokatwa kutoka godoro kuukuu, tukaipachika kwenye matundu ya ubao ili mizizi ining'inie majini. Chumvi za kulisha mimea zilikuja katika mifuko ya khaki, nasi tulizipima kwa mizani ndogo kama ya sonara. Umeme haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo hewa ya mizizi tuliipiga kwa pampu ya baiskeli, zamu kwa zamu, kila baada ya saa moja, mpaka mabega yakawaka moto.

Alikuwa na sharti moja ambalo tulilicheka kisha likatuingia damuni: asubuhi, kabla hujamsalimu mtu, unainua mche mmoja unatazama mizizi yake. Mizizi ikiwa myeupe kama uzi wa kushonea, umeamka salama. Ikiwa na rangi ya chai, kuna jambo. Akina mama waliokuwa wakianika omena nje walichungulia mlangoni wakauliza mboga zetu zinajua kuogelea tangu lini. Mmoja aliyekuwa na shamba lililoliwa na kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mahindi hadi yakauke, hakucheka. Alisimama pale kila siku akatazama, na tulipovuna spinachi ya kwanza tukaipika kwa ugali na samaki, alikula, kisha akasema kwamba kama Mungu ameruhusu chakula kiote bila shamba, basi yeye anataka kujifunza. Nadhani Mwalimu alikuwa na furaha siku ile. Alinipa mizani niwe msimamizi wa vipimo vyote, akasema mkono wangu hautetemeki.

Mwezi wa nne alinituma mimi na Barasa kufungua chumba cha pili upande wa Migori, katika kituo cha biashara cha Ogwedhi, kule ambako Uriri inapakana na Narok na siku ya soko vumbi la ng'ombe hupanda hadi jua liwe jekundu mchana. Yeye na wale wengine wanne walibaki Homa Bay, na kila baada ya wiki mbili angekuja kututazama. Mwenye nyumba alikuwa Bwana Athman, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Malindi, aliyeishi pale na mkewe Bi Rukia kwa miaka minane. Watoto wao walisoma kwa bibi yao pwani. Alituazima ghala lake la zamani, refu na lenye giza, ambalo sakafu yake ilikuwa nyeupe kwa chumvi ya kukaushia ngozi. Sisi tulilala katika vyumba viwili vya uani, tukala jikoni kwa Bi Rukia. Katikati ya ua palikuwa na kisima chenye mdomo wa saruji na kapi ya chuma, na tangu alfajiri kapi ile ililia, kwa maana Athman alikuwa ameuacha wazi mlango wa ua. Kituo kizima kiliteka pale. Hakumtoza mtu. “Maji ni sadaka,” alituambia siku ya kwanza, akajaza bilauri zetu mwenyewe. Yalikuwa maji baridi, maangavu, matamu kuliko yote niliyowahi kunywa katika mkoa ule.

Bi Rukia ndiye aliyenifundisha Kiswahili, ingawa nilikwenda kwake nikijiona nakijua. Nilisema “kile kiti mbaya” akaacha kukanda unga akanitazama kama niliyemwaga maziwa. “Kibaya, mwanangu. Kiti ni kibaya. Masikini, kimekukosea nini hata ukinyime haki yake?” Barasa alicheka hadi akapaliwa na chai. Jikoni mle palikuwa na joto la iliki na moshi, na mikeka miwili, na dirisha dogo lililoangalia kisima. Ijumaa alipika pilau ya mbuzi, siku nyingine maharage ya nazi aliyoletewa kutoka kwao. Siku moja, akinyoosha chapati, niliona viganja vyake. Vilikuwa na vinundu vidogo vigumu, vingi, kama mtama uliomwagwa chini ya ngozi. Aliona nimeona. “Ni chumvi ya ngozi hizi,” akasema. “Miaka minane naipokea kwa mikono.” Jambo la pili niliona mwenyewe: alipotembea kutoka jikoni hadi kisimani, kandambili ilimvuka mguuni akaenda hatua nne bila kujua. Na asubuhi moja mapema, ukuta wa chumba changu ukiwa wa mabati tu, niliwasikia wakizungumza.

“Miguu imelala tena?” Athman aliuliza.

“Tangu juzi. Nakanyaga kama nakanyaga pamba.”

“Ni baridi ya huku. Tutakwenda kwetu ukapate joto.”

“Umesema hivyo tangu mwaka juzi, baba.”

Nilifikiri ni mambo ya mtu na mkewe, nikajifunika. Hata tumbo langu lililokuwa likininyonga kila baada ya siku chache sikulitilia maanani. Barasa naye alikuwa akikimbilia chooni mara kwa mara, tukalaumu nazi.

Maharage ndiyo yaliyotangulia. Tulikuwa tumepanda maharage, spinachi na sukuma wiki, na siku ya tisa majani ya maharage yalikauka kingo kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nilipoinua mche, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ikakatikia vidoleni mwangu. Baada ya wiki mbili hakuna kilichobaki. Mwalimu alikuja, akatazama, akaniambia nipime mbele yake. Nikapima. Hakuona kosa, lakini akasema, “Mizani inataka mtu aliye macho. Wewe unaota ndoto.” Tulipanda mara ya pili, mimea ikafa yote. Barasa akasema ni chumvi ya sakafuni, inapanda na vumbi, na kwa kweli ilikuwa hoja nzuri. Tulisugua ghala lile siku tano, kuta na sakafu, tukabadilisha polithini yote, tukapaka chokaa. Maji ya kusugulia tuliyateka kisimani. Miche ya tatu ikaota ikiwa na afya kwa siku sita, nami kila asubuhi nilisali kabla ya kuinua ubao. Siku ya saba mizizi ilikuwa na rangi ya chai.

Safari ile Mwalimu alikuja na wanafunzi wote wanne kutoka Homa Bay, ambako mboga zilikuwa zimefika kimo cha goti. Mbegu zile zile, chumvi zile zile kutoka mfuko mmoja. Alisimama kati ya masanduku yetu yaliyooza, akavua miwani. “Kuna mikono ambayo mimea huikataa,” akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ugonjwa. “Nimewahi kuona. Mwende, ukipoteza mara ya nne utaurudia mwaka.” Wenzangu waliangalia chini. Barasa peke yake ndiye aliyesema, “Lakini Mwalimu, mimi pia nilipanda,” na Mwalimu akavaa miwani yake tena, akatoka.

Nililia siku ile nyuma ya ghala, karibu na lango, na aliyeniona ni Bibi Boke, mama wa Kikuria aliyeuza tumbaku ya kunusa pale langoni kila siku ya soko. Alikuwa mzee mwenye meno machache na jicho kali, na kila mara alikuja na chupa yake ya maji iliyofungwa kitambaa. Bi Rukia alikuwa akimpelekea chai, naye akimwambia aiweke hapo, kisha akiimwaga pole pole mtu akigeuka. Tulidhani ana kiburi. Siku ile alinitazama nikilia mpaka nikamaliza, akanusa tumbaku yake, akageuza uso.

Nilifanya jaribio kwa sababu ya hasira, si kwa sababu ya akili. Nilitaka kujua kama ni mikono yangu kweli. Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zinanyesha, nikakinga maji ya paa katika karai moja, na karai jingine nikalijaza maji ya kisima. Nikapima chumvi sawa, nikapanda maharage sita huku na sita kule, nikayaweka kando kando chini ya bati moja la plastiki. Nilimwambia Barasa apigie pampu makarai yote mawili mwenyewe ili mikono yangu isihesabiwe. Siku ya kumi tuliinua pamoja. Ya mvua yalikuwa na mizizi myeupe, mingi, yenye ndevu, mizizi ya Homa Bay. Ya kisima yalikuwa yameoza. Sitaficha nilichofanya: nilipiga kelele za furaha. Nilimshika Barasa mikono tukaruka ruka ghalani kama watoto, nikisema, “Si mimi! Si mimi, Barasa, ni maji!” Tulicheka hadi Athman akauliza kutoka dukani kama tumeshinda bahati nasibu. Furaha ile ilidumu alasiri nzima. Niliingia nayo jikoni jioni, nikakaa kwenye mkeka, na Bi Rukia akaniwekea sahani mbele yangu na kunijazia bilauri kutoka kwenye jagi. “Kunywa, mwanangu. Leo uso wako umerudi.”

Nikaitazama bilauri. Maji yalikuwa maangavu, yametulia, na nje kapi ilikuwa inalia, mtoto wa jirani akiteka. Barasa alikuwa amekwisha kunywa nusu yake. Nilimwona akisita na bilauri midomoni, macho yake yakija kwangu, goti likianza kutikisika.

Nilimwonyesha Mwalimu makarai yale alipokuja. Alichutama mbele ya makarai kwa muda mrefu, koti likiburuzika chini, akivuta mizizi iliyooza kati ya vidole. Nilingoja aniombe radhi. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Nani mwingine anajua?” Nikasema sisi wawili tu. Akajaza chupa mbili za maji ya kisima, akazifunga kwa nta, akasema atazipeleka maabara moja Nairobi na majibu yatachukua muda. Mpaka hapo tutumie maji ya mvua na tusimwambie mtu. “Mwalimu, wanayanywa,” nikasema. Akanyanyuka. “Mimea hufa kwa mambo elfu yasiyomdhuru mtu. Ukitangaza kwamba kisima cha kituo kizima kina sumu, na majibu yakaja kwamba ni chumvi tu, nani atatupa nyumba tena katika wilaya hii? Wenzako wanne watapoteza mwaka. Huyu Athman utamfanyia nini?” Hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililonifunga mdomo: kila alichokisema kilikuwa na ukweli wake.

Basi tukaweka mapipa chini ya mifereji ya paa, na mboga zikashika. Sijawahi kuona spinachi kama ile, majani mapana kama sikio la ndama. Bi Rukia alikuja kuitazama akashika kiuno. “Kumbe mimea yenu ina maringo, haitaki maji yangu,” akasema akicheka, nami nikacheka naye. Mimi na Barasa tulikunywa maji ya pipa kwa chupa tuliyoificha chini ya meza ya mizani. Tumbo langu likapona ndani ya siku chache, na kupona kule ndiko kulikonitisha kuliko maumivu. Kila jioni nilikaa jikoni nikamtazama akinywa. Siku moja sikuweza. Nikamwambia nimesikia kipindupindu kimeingia upande wa Sindo, ni vizuri wachemshe maji. Alinishukuru. Tangu siku ile sufuria kubwa ilikaa motoni kutwa, akaongeza kuni, akachemsha mara mbili kwa usalama zaidi. Sikujua wakati ule, ingawa mwanafunzi wa sayansi alipaswa kujua, kwamba vitu vingine moto hauviui. Maji hupungua kwa mvuke, na sumu iliyobaki huzidi kukolea.

Walikuja wageni kutoka chuoni kuona maendeleo. Walishika majani, wakapiga picha, wakasema chumba cha Ogwedhi kimeshinda cha Homa Bay. Bi Rukia aliwaandalia chai na mahamri uani. Nilimwona Mwalimu Ogolla ameshika kikombe chake, anazungumza, anaitikia, anakizungusha mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akajisogeza ukutani akaimwaga taratibu kwenye majani. Aliponyanyua uso macho yetu yalikutana. Wageni wote walikunywa. Mmoja aliomba kikombe cha pili.

Wiki ya sita tangu jaribio la makarai, siku ya soko, Bibi Boke aliniita kwa kidole. “Nyinyi watoto wa chuo,” akasema, “mbona mnakinga maji ya mvua na kisima kiko hapo?” Nikamwuliza na yeye mbona huja na yake. Alifungua kitambaa chake cha tumbaku, akakifunga tena.

“Hapa kulikuwa josho,” akasema. “Mimi nikiwa msichana, tunaleta ng'ombe hapa. Wanatumbukia huku, wanatokea kule. Dawa ya kupe. Ile ya zamani kabisa, nyeupe. Ndama akiramba mwili wake, anakufa hapo hapo. Halafu wakaleta dawa mpya kwingine, hili wakalifukia. Na dawa ikiwa ndani. Tukaambiwa msilishe hapo, nyasi zikaota, watu wakasahau.”

“Kwa nini hukumwambia Bwana Athman alipochimba?”

“Nilimwambia fundi wake. Alicheka. Mimi ni mwanamke wa tumbaku tu.” Akanitazama kwa lile jicho. “Na wewe umesoma. Wewe umemwambia?”

Sikungoja majibu ya Nairobi. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Bi Rukia alikuwa ameinamia jiko, sufuria ikichemka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, josho, makarai mawili, mizizi, chupa za Mwalimu. Aliishika sufuria kwa mikono mitupu akaitua chini. Hakuusikia moto.

“Ulijua tangu lini?” akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya kwamba ni jana tu. “Wiki sita,” nikasema.

“Na ukaniambia nichemshe.”

“Nilidhani, Bi Rukia, nilidhani itasaidia kidogo...”

“Hukudhani,” akasema. “Uliogopa. Usilipake rangi.”

Athman aliitwa kutoka dukani. Alikaa juu ya mrundo wa ngozi akasikiliza, mtu mnene mwenye sauti, na nilimwona akipungua mbele ya macho yangu. Alichukua mkono wa mkewe akaufungua, akavitazama vile vinundu kama aliyekuwa hajawahi kuviona. Kisha akasema, “Nimewanywesha watu miaka minane. Kwa jina la Mungu.” Nikasema lazima tuwaambie watu. Akatikisa kichwa. “Niambie nitatoka vipi hapo nje, mimi mgeni, niseme nimewatilia sumu? Hujasikia wageni walivyochomewa nyumba miaka hii, sehemu nyingine, kwa makosa madogo kuliko haya? Nani atangoja habari ya josho?” Hakulala, nadhani. Asubuhi yake tuliamka tukakuta mdomo wa kisima umefunikwa kwa mbao, na Athman amesimama mbele yake akimwambia kila aliyekuja na mtungi kwamba paka amefia ndani na ameoza, maji hayafai tena. Mchana likaja trekta na mawe. Alikijaza kisima chake mpaka juu. Wanawake waliokuwa wakimwombea dua walianza kumwita mchoyo, kwamba amechoka kutoa, kwamba paka mmoja haondoi kisima. Mto ulikuwa mbali. Alisikia yote akiwa amesimama mlangoni mwa duka.

Majibu yalifika wiki mbili baadaye. Mwalimu alinisomea karatasi akiwa amesimama kando ya mawe: aseniki, sumu ya kale ya kuogeshea mifugo, mara nyingi kupita kiasi anachoweza kunywa binadamu. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti. Katika ripoti ya mwaka aliandika kwamba chumba cha Ogwedhi kilifungwa kwa sababu ya uhaba wa maji. Mimi nilipata alama za juu kabisa. Nilizichukua.

Kidonda kilikuwa kimemtoka Bi Rukia katika kiganja cha kulia, hakikauki. Daktari wa Migori alisema aende hospitali kubwa, nao wakaamua kurudi kwao pwani mwezi wa kumi na mbili. Nilisaidia kupakia vyungu na mikeka kwenye lori. Alipokuwa amekwisha kukaa mbele, kando ya dereva, nilimnyoshea mkono kumuaga. Hakunipa wake. Aliniangalia tu, si kwa ukali, akasema, “Soma, mwanangu,” na lori likaondoka. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya kidonda au kwa sababu yangu. Athman aliniandikia barua moja, baada ya miaka miwili, kwamba mkono ule ulikatwa na kwamba Bi Rukia ananisalimu. Barua nilizomjibu hazikuleta nyingine. Na wale wengine wa kituo, wale wa mitungi ya alfajiri, sikuwahi kurudi kuwatafuta. Niliwaza juu yao katika kila kazi niliyoifanya, na kuwaza si kwenda.

Barasa alibaki chuoni akawa msaidizi wa Mwalimu kwa muda, na jana, baada ya watu kutawanyika kaburini, aliniambia jambo nisilolijua. Mwalimu Ogolla hakufungua tena chumba popote, Kisumu wala Kisii, kabla ya kumtafuta mwanamke mzee kuliko wote wa mahali pale na kumwuliza zamani hapa palikuwa na nini. Wanafunzi walikuwa wakimcheka. Alikuwa akikaa kwenye kigoda cha bibi huyo hata kwa saa tatu nzima, akiandika. Hakuwahi kusema kwa nini.

Leo Jumapili tumekuja Ogwedhi. Niliomba mimi. Tulipita Rongo na Uriri, na nilidhani nitaona ghala, nisimame, nisali, niondoke. Ghala halipo. Nguzo za umeme zimefika, kuna nyumba za ghorofa mbili, na kwenye kiwanja cha Athman, hatua chache kutoka pale mawe yalipozama, kuna lori lenye mnara wa chuma na vijana watatu wenye kofia za manjano. Wanachimba kisima kirefu cha hoteli mpya. Mashine imekwisha kutafuna udongo wa juu. Nilishuka garini kabla halijasimama vizuri.

Msimamizi wao ni kijana mstaarabu. Alizima mashine ili anisikie, akaniacha niseme mpaka mwisho, josho na kisima na mkono uliokatwa, mbele ya watu waliokuwa wanapita. Safari hii nilisema kwa sauti. Kisha akakuna kidevu. “Mama, nakuheshimu. Lakini mwenye hoteli yuko Nairobi, na mimi nina kibali. Wewe una karatasi yoyote?”

“Karatasi, kama bado ipo, iko Asumbi, katika mafaili ya mtu tuliyemzika jana,” nikasema. Barasa hakungoja nimwambie. Aliwasha gari kwenda kumwomba mjane, siku moja baada ya mazishi, amtafutie karatasi itakayomwonyesha mumewe alificha nini. Huenda akakataa. Huenda ilichomwa zamani.

Msimamizi alitazama saa, akatazama udongo mweupe uliotoka shimoni, akawaambia vijana wafunike. “Tunaanza tena kesho saa mbili asubuhi, mama. Siwezi kungoja zaidi ya hapo.”

Nikavuta jiwe moja kati ya yale mawe nikakaa.

“Mtanikuta,” nikamwambia.